Chura na Panya Katika Daftari la Bibi Seeger

Asiyemjua Ruth Crawford Seeger ila kwa utungo wake wa mwaka 1931 wa vyombo vinne vya nyuzi, muziki mgumu ambamo kila mpigaji hudhaniwa ana safari yake, angestaajabu kuambiwa kwamba miaka kumi baadaye bibi huyo, mwanamke wa kwanza kupata ruzuku ya Guggenheim kwa fani ya utungaji, alikuwa akiwaimbisha watoto wa chekechea iliyoendeshwa na wazazi kwa ushirika huko Silver Spring, Maryland, habari za chura, sungura na bata.

Njia iliyomfikisha hapo ilipitia Maktaba ya Bunge la Marekani. John Lomax na mwanawe Alan walikuwa wamezunguka mashamba na magereza wakinasa sauti za wakulima, wafungwa na wachunga ng'ombe, na Bibi Seeger ndiye aliyepewa kazi ya kuziandika sauti hizo kwa alama za muziki kwa ajili ya kitabu chao, Our Singing Country, kilichotoka mwaka 1941. Aliirudia sahani moja ya santuri mara nyingi mno, akitafuta pale mwimbaji alipochelewa kidogo au alipoiburura sauti, ambapo mwandishi mwingine angesawazisha na kwenda zake. Sikio hilo hilo, pasipo kulipunguzia ukali hata chembe, ndilo alilowapelekea watoto katika American Folk Songs for Children cha mwaka 1948, na katika kile cha wanyama kilichofuata mwaka 1950, vyote viwili vikipambwa kwa michoro ya Barbara Cooney.

Chukua wimbo wa chura aliyekwenda kumposa panya. Habari za arusi hiyo zilikwisha kuandikwa katika daftari la wauza vitabu wa London mwaka 1580, kisha zikavuka bahari pamoja na wahamiaji hata zikafika milima ya Appalachia, ambako kila mwimbaji hualika wageni wake mwenyewe: nondo, mbawakawa, nyuki, kiroboto. Aghalabu arusi huvunjika kwa kufika paka, nyoka au bata, na maarusi wakaliwa. Wapo wazazi wanaochukizwa na mwisho huo. Mimi sioni dosari, kwani mtoto aliyekwisha kumwona paka uani hadanganyiki kwa shela.

Bibi Seeger alipenda wimbo ubadilike kinywani. Mtoto na atiwe jina lake ndani, mnyama aliyeonekana asubuhi ile achukue nafasi ya yule aliyechapwa kitabuni, wala mpiga piano asipunguze mwendo afikapo mwisho, maana wimbo wa namna hii hautui kama ule wa ukumbi wa taadhima; huendelea mbele, tayari kuanza tena.

Alifariki mwaka 1953, umri wake miaka 52. Mwanawe wa kambo, Pete, akachukua banjo mwaka 1955 akaiimbia kampuni ya Folkways santuri nzima ya ndege, wanyama, wadudu na samaki. Na mwaka 1977 Mike na Peggy, aliowazaa mwenyewe, wakakirekodi kile kitabu cha mwaka 1948, wakiimba kama walivyofundishwa nyumbani, bila ya kupunguza mwendo mwishoni.