Ukuta Unaobeba na Ukuta Unaoziba: Istilahi za Ghala la Kale la Great Coxwell

Mfasiri wa maandishi yahusuyo majengo ya kale ya Ulaya hukutana mara kwa mara na jengo ambalo kuta zake ni za mawe, na ndani yake mna nguzo na maboriti ya miti. Aghalabu hulitaja kuwa ni "jengo la mawe lenye paa la mbao", kisha akaendelea na kazi yake. Maneno hayo si ya uongo, lakini yanamficha msomaji jambo la msingi, yaani ni kitu gani kinachobeba paa. Madhumuni ya makala haya ni kulieleza jengo moja la aina hiyo na kupendekeza istilahi za kulitaja pasipo kupotosha.

Jengo lenyewe ni ghala la kijiji cha Great Coxwell, katika jimbo la Oxfordshire, Uingereza. Lilikuwa mali ya watawa wa abasia ya Beaulieu, ambao walipewa ardhi ya Faringdon na Mfalme John mwaka 1203. Uchunguzi wa pete za miti umeonyesha kwamba mialoni iliyotumika ilikatwa mwanzoni mwa miaka ya 1290. Abasia ilifungwa mwaka 1538, lakini ghala lingali limesimama. Urefu wake ni takriban mita 46, upana mita 13, na kimo mita 15 hivi. Paa lake limeezekwa kwa vigae vya mawe, ambavyo ni vizito mno.

Upana huo ulikuwa na sababu. Ngano ililetwa kutoka shambani ikiwa bado katika miganda, nayo miganda hujaza nafasi kubwa kuliko nafaka iliyokwisha kupurwa. Hata hivyo, si rahisi kupata mti mmoja wa kuvuka mita 13 na kuhimili paa zito kama hilo. Kwa hiyo mafundi walisimamisha safu mbili za nguzo, 6 kila upande, na kuligawa ghala katika sehemu ya kati iliyo pana na mbavu mbili zilizo nyembamba. Kuta za mawe hupokea ncha za chini za paa, lakini sehemu kubwa ya uzito hushukia nguzo.

Hapa ndipo neno "nyumba ya mawe" linapompoteza msomaji wetu. Katika Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba ya mawe ni ile ambayo ukuta wake ndio unaobeba. Boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ukuta ukibomoka, dari huanguka. Nyumba ya miti na udongo ni kinyume chake. Nguzo husimamishwa, nyumba ikapauliwa na kuezekwa, na kukandika udongo kukaja baadaye, kwani ukuta huziba tu. Kwa umbo, ghala la Great Coxwell hufanana na nyumba ya mawe. Kwa jinsi linavyosimama, ni jamaa wa karibu wa nyumba ya udongo. Istilahi zake basi tuzitafute kwa wapauaji kabla ya kwenda kwa waashi.

Istilahi tunazopendekeza ni hizi:

1. Kiunzi: mkusanyiko wote wa miti iliyounganishwa ili kubeba paa. Jengo zima litaitwa "ghala la mawe lenye kiunzi cha miti".

2. Nguzo: mti uliosimama wima. Nguzo za Great Coxwell zimewekwa juu ya vikalio vya mawe vyenye kimo cha mita 2 hivi, na hivyo kuepushwa na unyevu wa ardhi.

3. Mwamba: mti unaolala juu ya vichwa vya nguzo kwa kufuata urefu wa jengo.

4. Mtambaapanya: mti unaovuka kutoka nguzo ya safu moja hadi ya safu ya pili. Mafundi wengine hutumia neno hili na "mwamba" kwa kubadilishana. Katika maandishi ya kitaalamu inafaa kila moja libaki na maana yake.

5. Gadi: mti wa mshazari unaoishika nguzo pamoja na mwamba au mtambaapanya. Wana wa bahari hulitumia neno hili kwa mti unaokiegemeza chombo kilichopwelewa. Nguzo ya nyumba ya udongo huchimbiwa ardhini, hivyo haiyumbi. Nguzo iliyowekwa juu ya jiwe hutegemea gadi.

6. Kombamoyo (wingi, makombamoyo): mti wa mteremko wa paa. Juu yake hulala fito, na juu ya fito vigae.

7. Ulimi na tundu: kiungo ambacho ncha ya mti mmoja huchongwa na kuingizwa katika mti mwingine, kisha hukazwa kwa kigingi cha mti.

Neno "kenchi", lenye asili ya Kihindi, limezoewa na maseremala wetu. Tunapendekeza litumike kwa kila fungu la nguzo mbili, mtambaapanya na makombamoyo yake, ila lisichukue nafasi ya "kiunzi", ambacho ni jumla ya kenchi zote.

Onyo moja zaidi. Ghala hili wengi huliita ghala la zaka. Zaka ni fungu la kumi lililotolewa na waumini kwa kanisa, ilhali hapa yalihifadhiwa mazao ya mashamba ya watawa wenyewe. Mfasiri akikuta jina hilo, na aandike "ghala la nafaka la watawa".

Tofauti hizi zina uzito katika utumishi. Ofisa anayeandika agizo la ukarabati akisema "imarisheni jengo la mawe", fundi ataanza na kuta, huku nguzo zikiendelea kuoza. Akiandika "kagueni kiunzi, kisha kuta", fundi ataanza mahali panapostahili. Mwalimu naye anaweza kuwaanzishia wanafunzi somo hili katika nyumba ya udongo iliyo jirani na shule, kwa kuwauliza: ukuta huu unabeba, au unaziba?