Kwa nini kifaa cha kusikia hulemewa na sauti nyingi

KATIKA kituo cha matatu mjini Thika, makanga mmoja huita abiria wa Ruiru, mwingine wa Nairobi, huku mchuuzi akinadi njugu kando yao. Mwenye masikio mazima huchagua sauti anayoitaka na kuziacha nyingine zipite. Kwa mtu aliyepandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, zote huweza kumfikia kama mvumo mmoja.

Hii haimaanishi kuwa kifaa hicho hakifai. Katika chumba tulivu, wengi wanaokitumia hufuata mazungumzo vyema, na baadhi yao hata huongea kwa simu. Taabu huanza wanapozungumza watu wawili au zaidi kwa pamoja.

Sehemu ya ndani ya sikio, iliyojikunja mithili ya gamba la konokono, ina seli 3,500 hivi zinazopeleka habari za sauti kwenye ubongo. Kifaa hufanya kazi hiyo kwa ncha za umeme ambazo kwa kawaida ni kati ya 12 na 22 tu, tena umeme wa ncha moja huenea hadi eneo la jirani yake.

Kinachopotea zaidi ni unene na wembamba wa sauti. Sauti ya mwanamume hutetema takriban mara 100 kwa sekunde, ya mwanamke takriban mara 200. Kwa tofauti hiyo, sikio zima humfuata msemaji mmoja kati ya wengi. Aidha, msemaji wa pili anapotua, sikio zima hudaka maneno ya yule wa kwanza. Mwenye kifaa hukosa sehemu kubwa ya nafuu hiyo. Aliyepandikizwa sikio moja pekee pia hutatizika kujua sauti inatoka upande gani.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi huko Ruiru anayejibu sawasawa akiwa peke yake na mwalimu huenda akaitwa mzembe anaponyamaza katika darasa lenye kelele. Ukweli ni kwamba kusikiliza humchosha kuliko wenzake.

Inafaa aketishwe mbele, mbali na dirisha linaloelekea barabarani. Aitwe kwa jina kabla ya kuambiwa jambo, na wasemaji wapokezane zamu huku wakimtazama. Kipo pia kipaza sauti kidogo ambacho mwalimu huvaa kifuani ili sauti yake ifike moja kwa moja kwenye kifaa. Mtoto asiposikia, arudiwe kwa maneno mengine badala ya kupigiwa kelele, kwani kelele huyapotosha maneno.