MWENYE KITI NA MWENYE NENO
Maelezo juu ya utawala katika nchi ya Meru

Mgeni afikapo mahali, neno la kwanza aulizalo ni hili: "Nani mkubwa wa hapa?" Naye huonyeshwa mtu. Mwalimu atakaye kujenga darasa, au mchungaji atakaye kiwanja cha kanisa, huenda kwa mkubwa huyo, hupokewa kwa adabu, hupewa ruhusa, tena hupewa karatasi yenye mhuri. Kisha hushangaa kuona kwamba kazi haiendi. Mawe hayaletwi, mchanga hauletwi, na siku ya kazi watu wana udhuru kila mmoja. Hapana aliyekataa, wala hapana aliyekuja. Katika kurasa hizi twataka kueleza sababu ya jambo hilo, hasa kwa habari za Waarusha na Wameru, maana katika mlima huu yapo mambo ambayo mtumishi asipoyajua atajitaabisha bure.

Tutwae Kijenge kuwa mfano. Mtu atokaye katika boma la zamani la Wajerumani mjini Arusha, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho, akishika njia ya mashariki na kuvuka mto Themi, haendi mbali ila ameingia Kijenge. Zamani palikuwa mashamba ya Waarusha. Sasa ni mji, na kabila nyingi hukaa pamoja. Mtaa una mwenyekiti wake aliyepigiwa kura, kata ina diwani na mtendaji. Hao ndio wenye mihuri, nao wana kazi zao kwa sheria. Lakini mtu mwenye busara anunuapo kiwanja kilichokuwa cha ukoo haanzi na mhuri. Huuliza kwanza: Wazee wa ukoo wamekubali? Ndugu za muuzaji wamesikia? Jirani ameitwa kuonyeshwa mpaka? Mambo haya yasipotimizwa, karatasi itakuwa na mhuri, na kiwanja kitakuwa na shauri.

*Maneno yenyewe*

Neno hilo *shauri* lastahili kutazamwa. Asili yake ni Kiarabu, nalo katika Kiswahili lina maana mbili: ni maoni apewayo mtu na mwenzake, tena ni daawa ipelekwayo mbele ya mwamuzi. Lugha nyingine huyatenga mambo hayo mawili. Kiswahili huyaweka katika neno moja, kana kwamba daawa haiwezi kwisha ila watu washauriane. *Mamlaka* ni neno la namna nyingine. Ni ndugu wa *miliki* na *malkia*, maana yake ni haki ya kuwa juu ya kitu au watu. *Serikali* imetoka Uajemi, nayo ina ndani yake maneno mawili, kichwa na kazi. Ndiye mkuu wa kazi. Maneno haya mawili yametufikia pamoja na watawala na maandishi yao.

Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaasai, wana neno lao *olaigwanani*, nasi katika Kiswahili twasema laigwanani, na wengi malaigwanani. Shina lake ni kitendo cha kushauriana, na *enkigwana* ni mkutano wa mashauri. Kwa hiyo laigwanani, kwa jina lake lenyewe, ni mtu wa mashauri. Amri haimo katika jina lake.

*Kazi ya laigwanani*

Kila rika la wanaume lilikuwa na malaigwanani wake, waliochaguliwa tangu ujana kwa sababu ya utulivu na ufasaha wao. Alama ya cheo ni rungu jeusi. Palipotokea ugomvi wa mpaka, au wa mahari, au wa damu, wazee walikaa chini ya mti, wakasema kwa zamu, na laigwanani akasikiliza. Mwisho alisimama akatoa neno ambalo pande zote mbili zaweza kulichukua. Bwana P. H. Gulliver, aliyekaa na Waarusha katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1963, aliona jambo lililomshangaza: waamuzi hao hawakuwa na askari wala gereza, wala hawakuweza kumlazimisha mtu kwa nguvu, hata hivyo maneno yao yalifuatwa. Mtu alilipa kwa kuwa alikubali mbele ya wenzake, na kwa kuwa asipolipa angebaki peke yake: rika lake lingemwacha, na laana ya wazee ilimtisha kuliko kifungo. Wameru nao wana *washili*, wakuu wa koo, na mpaka leo washili hukutana kusuluhisha watu.

*Mangi aliyewekwa*

Wajerumani walipojenga boma la Arusha, kazi iliyokwisha mwaka 1900, walihitaji mtu mmoja wa kupokea amri na kuleta kodi. Mkutano wa wazee chini ya mti haukuwafaa. Hauwezi kuitwa bomani saa mbili asubuhi. Wakaweka wakuu wao, na jina la mangi, lililozoewa Kilimanjaro, likatumika hapa pia. Wameru walikuwa na mangi tangu zamani. Lakini kwa Waarusha cheo hicho cha mtu mmoja aamuruye wote kilikuwa kipya. Waingereza wakaendelea vivyo hivyo. Gavana Donald Cameron, aliyeitawala Tanganyika tangu 1925 hata 1931, alifanya utawala wa wenyeji kuwa msingi wa serikali yake, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa wakuu wa wenyeji mabaraza, hazina na mishahara.

Hapo yakawa mambo mawili katika nchi moja. Mangi alikuwa na kiti, na neno lilibaki kwa wazee. Mangi mwerevu alijua hivyo. Kabla ya kutangaza jambo alikwenda kimya kimya kwa malaigwanani au kwa washili, na barazani alitamka lile lililokwisha kukubaliwa. Wazungu wakamsifu kuwa mtawala hodari. Mangi asiyefanya hivyo aliamuru, na watu wakamwitikia "Ndiyo," wakaenda zao. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa kwa sheria mamlaka ya machifu. Laigwanani hakuondolewa kwa sheria, maana hakuwekwa na sheria.

*Kosa la upande wa pili*

Wako waliodhani ya kuwa, kwa kuwa mwenye kiti si kitu, basi mtawala wa kweli ni yule afanyaye mambo ya siri. Kosa hili lilifanyika kati ya Wamaasai wa upande wa kaskazini, na malipo yake yalikuwa makubwa. Wamaasai wana *oloiboni*, mtu wa kubashiri na kubariki, ambaye vijana walimwendea kabla ya vita na kabla ya sherehe za rika. Alisikilizwa sana, lakini hakuwa mfalme wao. Mbatian alipokufa karibu na mwaka 1890, wanawe Sendeu na Olonana waligombana. Waingereza walimshika Olonana wakamfanya mkuu wa Wamaasai wote wa upande wao. Mwaka 1904 walitia naye mkataba, na Wamaasai wakaondolewa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa. Mwaka 1911, baada ya kufa kwake, ukafuata mkataba wa pili wa kuwatoa Laikipia. Aliyeongoza kupinga hama hiyo ya pili alikuwa laigwanani, Parsaloi Ole Gilisho. Wamaasai walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa; walijibiwa kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya dola na dola, wala mahakama haina uwezo juu yake. Basi watu walihesabiwa kuwa dola siku ya kutia alama katika karatasi, na siku ya kudai haki hawakuwa na pa kudai.

*Mambo ya Engare Nanyuki*

Tukirudi Meru, twaona mfano ulio wazi kupita yote. Baada ya vita kuu ya pili, shauri la Jaji Wilson juu ya ardhi za Arusha na Moshi lilitaka nchi ipangwe upya, na Engare Nanyuki itengwe kwa walowezi wa Kizungu wafugao ng'ombe. Wameru walikataa kutoka. Mwezi wa Novemba 1951 askari walikuja, nyumba zikachomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa.

Tuulize sasa swali letu: Nani alikuwa na nguvu? Gavana Edward Twining alikuwa na askari; lakini nyuma yake walikuwako walowezi waliotaka ardhi, na shauri lililoandikwa kabla hajafika Tanganyika. Mangi alikuwa na kiti, naye hakuweza kuwazuia askari wala kuwatiisha watu. Wameru wenyewe walifanya umoja wa raia, wakachanga fedha nyumba kwa nyumba, wakamchagua Kirilo Japhet, mtu asiyekuwa mangi, wakampeleka New York pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwaka 1952 walisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Baadaye mwaka uo huo Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono, ila katika Baraza Kuu lenyewe hazikupatikana kura theluthi mbili. Ardhi haikurudishwa siku ile. Lakini tangu hapo hapana aliyeweza kusema katika Tanganyika kwamba watu wasio na kiti hawana neno.

*Siri za namna mbili*

Kutokana na haya twaona kwamba nguvu zilizofichika si za namna moja, nasi twaomba wasomaji wetu wazipambanue. Iko nguvu iliyofichika kwa mgeni tu. Mkutano wa wazee haumo katika vitabu vya serikali, lakini mwenyeji aliulizwa atakuambia unakaa wapi na nani husema. Tena iko nguvu iliyofichika kwa watawaliwa wenyewe, nayo ndiyo iharibuyo nchi.

Neno *hongo* litatufundisha. Katika karne ya kumi na tisa hongo ilikuwa ushuru: msafara ulipopita katika nchi ya mtu, ulilipa nguo na shanga kwa mkuu wake, zikahesabiwa mchana mbele ya wapagazi wote. Sasa hongo ni kitu kitolewacho gizani ili mkubwa apindue haki. Jina ni lile lile. Kilichobadilika ni mwanga. *Takrima* nayo ni neno jema, ni kumkirimu mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu wagombea kutoa takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu hicho kwa kuwa ni kinyume cha katiba, maana mwenye mali hukirimu kuliko maskini, na mkirimiwa huona haya kumnyima kura. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Basi mkono uliojaa hulambwa, na mwenye kulamba hawezi kusema.

Azimio lililochukua jina la mji huu wa Arusha, na kutangazwa tarehe 5 Februari 1967, lililitambua jambo hilo. Likawakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa wakurugenzi wa makampuni ya mabepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kupangisha nyumba. Makatazo hayo yaliitwa *miiko*, neno la kale la mambo ambayo mtu akiyatenda hudhurika yeye na nyumba yake. Maana ya miiko ilikuwa moja: mtu aonekanaye katika kiti asiwe na bwana mwingine asiyeonekana. Mwaka 1991, katika mkutano wa Zanzibar, miiko ililegezwa, na mwaka 1995 ikatungwa sheria ya maadili iwapasayo viongozi kuandikisha mali zao. Kutoka kukatazwa mpaka kuandikishwa ni hatua ndefu, nayo ni lazima watu waijue.

*Lipi lawapasa walimu na wachungaji?*

Kwanza, wasimdharau mwenye kiti. Sheria ni yake, na kumpita ni kumvunjia heshima yeye na waliomchagua. Pili, wasiridhike na mhuri. Wakae na wazee, wasikilize, wala wasifanye haraka ya kutaka jibu. Mkutano ulionyamaza haujakubali. Tatu, wasiwatukuze wazee kupita kiasi. Katika mikutano ya kale ya Waarusha wanawake hawakukaa, na mjane aliweza kupotewa na shamba kwa neno ambalo hakupata kulijibu. Kwake yeye shauri lile lilikuwa siri kama hongo ilivyo siri. Ndiyo sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yabatilisha desturi zimnyimazo mwanamke ardhi, na mwalimu wa kijiji cha mlimani apaswa kuijua, maana pengine ni yeye pekee atakayeulizwa.

Basi kipimo ni hiki. Uonapo nguvu isiyo na kiti, uliza: Je, hao wanaotawaliwa nayo waijua ilipo? Waweza kuifikia na kusema nayo? Wakikataa, kukataa kwao kwahesabiwa? Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni mashauri, na penye wazee haliharibiki neno. Jibu likiwa siyo, hata kama mwenye kiti ana mhuri mkubwa na waliomchagua ni wengi, jua ya kwamba neno si lake wala si lao.

Wasomaji wanaokaa katika koo nyingine za mlima huu, na wale wa Upare na Uchaga, tungefurahi watuandikie majina yatumikayo kwao kwa mtu wa mashauri na kwa mtu wa amri, pamoja na mashina ya majina hayo. Twadhani mahali pengi itaonekana kwamba jina la kwanza ndilo la zamani zaidi.