Kifundo Ubongoni na Vidonge vya Kila Siku

Mtu mzima akianguka ghafla na kutikisika, wengi wetu hukimbilia kutaja jini. Huenda chanzo ni kifundo cha mishipa ya damu ubongoni, kilichokaa miaka mingi bila dalili. Kipimo cha MRI hukionesha.

Watafiti wa Scotland waliwafuatilia watu wazima wenye vifundo hivyo, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Miongoni mwa wenye kavernoma, yaani kishada cha vijishipa dhaifu, asilimia 94 ya walioanguka mara ya kwanza walipata kifafa ndani ya miaka 5. Ndiyo maana daktari aweza kuanzisha dawa asingoje anguko la pili.

Dawa haiondoi kifundo; hutuliza tu umeme wa ubongo. Hapa ndipo familia zetu huteleza: miezi ikipita salama, mgonjwa huambiwa amepona, vidonge vikawekwa kando. Kuacha ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokatika, nacho huua.

Kabla ya Ramadhani tumwone daktari: zipo dawa za kumeza mara moja au mbili kwa siku, wakati wa futari na daku. Isipowezekana, mgonjwa ana ruhusa ya kula. Na mwanamke anayetarajia kushika mimba aulize mapema kuhusu valproeti, ambayo yaweza kumdhuru mtoto tumboni, wala asiiache kwa uamuzi wake.