Ofisi ndogo ya mawakili Thika ilivyopita korona, na somo letu sisi wauzaji wa mtandaoni

Kuna swali nimeulizwa sana inboksi: mteja yuko mbali, hanijui, simjui, sasa tutaaminiana vipi? Leo sitajibu kwa habari za duka. Nitajibu kwa habari za mawakili, watu ambao kazi yao ilikuwa ya kukaa meza moja na mteja, kisha 2020 ikabidi wafanye kazi na watu wasioweza hata kuwafikia.

Duka langu liko Thika. Nauza vifaa vya simu, na pembeni nina mashine ya fotokopi na skana. Juu yangu, ghorofa ya pili, kuna ofisi ya mawakili wawili na karani mmoja. Karatasi zao nyingi hupitia kwangu, ndiyo maana niliona mambo yalivyokwenda. Siri za wateja wao sitoi. Nitaeleza tu namna kazi ilivyofanyika, pamoja na kisa kimoja ambacho mwenyewe amenipa ruhusa nikisimulie.

HALI ILIVYOKUWA

Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akatangaza mahakama zipunguze shughuli. Kesi zikaahirishwa kwa wingi. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Pigo lenyewe lilikuja tarehe 6 Aprili, eneo la Nairobi lilipofungwa. Wengi hudhani lilifungwa jiji tu. La, mpaka ulifika hadi huku kwetu, kwenye daraja la mto Chania. Ukivuka daraja hilo uko Murang'a. Sasa wateja wengi wa ofisi ile ni wa ng'ambo hiyo: Kabati, Makenji, Maragua. Mtu aliyekuwa akipanda matatu akafika kabla chai haijapoa, sasa akawa hawezi kuvuka. Hali hiyo ilidumu mpaka tarehe 7 Julai, miezi mitatu mizima.

Ofisi ndogo kama ile haina benki kubwa inayoilipa kila mwezi. Hutegemea mtu aingie, aeleze shida, atoe malipo ya kwanza. Mtu asipoingia, hakuna kodi ya nyumba wala mshahara wa karani.

Lakini sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo biashara yetu inapoingia. Amri ile ilizuia watu. Chakula na mizigo viliendelea kupita. Mtu hakuvuka daraja, mzigo ulivuka. Wale mawakili walipoliona hilo, wakapanga kazi upya.

1. WALITENGANISHA KAZI

Walikaa na mafaili yao wakajiuliza kwa kila moja: hapa kinatakiwa nini hasa? Maneno tu, karatasi, au mtu mwenyewe?

Yaliyotaka maneno tu, kama ushauri au habari za kesi ilipofikia, yakaenda kwa simu. Yaliyotaka karatasi, mteja alipiga picha au akaenda saiba ya karibu akaskani, ikaja kwa barua pepe. Karatasi iliyotakiwa yenyewe halisi ilifungwa kwenye bahasha, ikaandikwa jina, ikaja na gari la mzigo. Karani alikuwa na daftari: bahasha ya nani, imetoka lini, imebebwa na nani, imefika saa ngapi. Yaliyomtaka mtu mwenyewe yakasubiri, na mteja akaambiwa waziwazi kwamba yanasubiri.

Hilo la mwisho lilinifunza sana. Hawakumdanganya mtu kwamba "tunashughulikia". Walimwambia kinachoendelea, kilichosimama na sababu yake.

2. SAHIHI NA KESI ZIKAHAMIA MTANDAONI

Sheria nayo ilisaidia. Tarehe 18 Machi 2020 ilianza kutumika sheria ya marekebisho ya sheria za biashara, iliyoweka wazi kwamba sahihi ya kielektroniki inaweza kutumika kwenye mikataba. Kisha tarehe 1 Julai 2020 mahakama za Nairobi zikaanza mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao. Wakili akiwa Thika angeweza kupeleka kesi Milimani na kulipa ada bila kupanda gari. Kusikilizwa nako kukawa kwa video. Unatumiwa linki, unaingia saa yako, unasubiri kuitwa.

Si kwamba yote yalikwenda vizuri. Intaneti ilikatika katikati ya maneno. Wengine walisahau kuzima maikrofoni, jogoo akawika mbele ya hakimu. Na kumsikiliza shahidi kwenye simu si sawa na kumwona kizimbani. Lakini kazi ilisonga.

3. MALIPO YALIGAWANYWA VIPANDE

Wateja hawakuwa na pesa. Wengine walikuwa wamesimamishwa kazi, wengine vibanda vimefungwa. Ofisi ikaacha kudai malipo makubwa ya mwanzo. Wakaandika bei ya kila hatua: barua ya kudai ni kiasi hiki, mazungumzo ya makubaliano ni kiasi hiki, kufungua kesi ni kiasi hiki. Mteja analipa hatua moja, anaona kazi yake, halafu anaamua kama ataendelea.

Malipo yalikuja kwa M-Pesa. Mnakumbuka katikati ya Machi 2020 ada ya kutuma pesa isiyozidi shilingi 1,000 iliondolewa, na kiwango cha kutuma kwa mara moja kikapanda kutoka 70,000 hadi 150,000. Ile ya bila ada iliendelea mpaka mwisho wa mwaka. Lakini hawakuridhika na meseji ya M-Pesa peke yake. Kila malipo yalijibiwa kwa risiti yenye jina, tarehe na kazi iliyolipiwa.

4. WALIMFUATA MTEJA ALIPO

Si kila mteja ana simu kubwa. Wazee wengi wana kabambe. Kwao wakili alipiga simu mwenyewe, hakungoja wao wapige, kisha karani akatuma meseji fupi yenye mambo matatu: tulichokubaliana, unachotakiwa kuleta, lini tutazungumza tena.

Jambo lingine ambalo mimi nisingelifikiria ni faragha. Watu walikuwa wamejazana nyumbani. Fikiria mjane mwenye kesi ya shamba na shemeji yake, na shemeji huyo yuko sebuleni. Atazungumzaje? Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu likawa, "Mama, uko mahali unaweza kuongea?" Akisema hapana, wanapanga saa nyingine, wakati yuko shambani au kwenye maji.

KISA CHA MAYAI

Huyu ni mama mfugaji wa Kabati. Alikuwa akiuzia mkahawa mmoja wa Thika trei 20 za mayai kila wiki, kwa shilingi 300 trei moja. Analipwa nusunusu, deni linasogea mbele. Machi 2020 mikahawa ikaambiwa iuze chakula cha kubeba tu, mwenye mkahawa akaacha kushika simu. Deni lilikuwa la wiki tisa: shilingi 54,000. Hizo ndizo zilikuwa pesa za chakula cha kuku, na kuku hawaelewi habari za korona.

Mama hakuwa na mkataba wowote wa maana. Alikuwa na daftari la shule ambalo mpishi alitia sahihi kila alipopokea mayai. Pia alikuwa na meseji za WhatsApp za "tuletee trei 20 kesho", na moja ya mwenyewe inayosema "nitakulipa mambo yakifunguka". Mwanawe alipiga picha kurasa zote akatuma. Wakili akaandika barua ya kudai, akaambatisha picha hizo na hesabu ya kila wiki.

Mwenye mkahawa alipoona sahihi za mpishi wake na maneno yake mwenyewe, hakubisha deni. Alisema hana pesa kwa mara moja, na ilikuwa kweli. Wakakubaliana alipe 9,000 kila mwezi kwa miezi sita, kuanzia Juni. Makubaliano yakatiwa sahihi kwa simu, mmoja akiwa Thika, mwingine Kabati. La mwisho liliingia Novemba. Kuku wengine aliwauza njiani, lakini biashara haikufa.

Jirani yake aliyeuzia mkahawa huohuo kuku wa nyama alikuwa na hesabu ya kichwani tu. Hesabu yake na ya mkahawa hazikukutana, na hakuna barua ambayo ingeweza kuzikutanisha.

NA LEO JE?

Leo kuna njia ambayo yule mama hakuwa nayo. Tarehe 26 Aprili 2021 Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani, Nairobi, na baadaye ikafika miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya bidhaa ulizouza hukulipwa. Sheria yake inataka kesi imalizike ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Lakini hata huko utaulizwa lilelile: una nini cha kuonyesha?

Kwa hiyo, kwa wewe muuzaji:

- Oda ya simu, imalizie kwa meseji: bidhaa gani, ngapi, bei, inafika lini, nani analipia usafiri. Mwambie mteja ajibu "sawa".
- Piga picha mzigo kabla ya kufunga, na baada ya kuandika jina juu yake.
- Andika namba ya gari au jina la boda aliyebeba, na saa.
- Anayepokea atie sahihi au atume meseji "nimepokea".
- Ukipokea pesa, toa risiti, hata ya kuandika kwa mkono.
- Usifute mazungumzo na mteja mwenye deni. Yahifadhi pia nje ya simu, maana simu huibiwa. Ukienda mahakamani, rekodi za simu huambatana na cheti kinachoeleza zilitoka kwenye kifaa gani na vipi, kwa hiyo skrinishoti iliyokatwakatwa itakusumbua.
- Mzigo ukichelewa, sema umechelewa na sema kwa nini, kabla mteja hajauliza.

Mambo haya yanamlinda pia mteja, na akiyaona anatulia. Mteja asiyekujua anataka tu kujua kwamba kukitokea shida, kuna kitu cha kushika. Nunua daftari la shule leo, uanze na oda ya kesho.