Mtoto Anayetaka Usukani

Hapa Arusha ni nyumba chache sana zisizo na kijana mwenye kiu ya usukani. Awe wa Kaloleni, wa Sanawari au wa Ngaramtoni, hajafika hata umri wa leseni, naye tayari huyatambua magari kwa mlio. Baba hujiuliza kama amfundishe sasa au angoje; mama huwa amekwisha kuuficha ufunguo. Yuko baba mmoja wa Ufini aliyelijibu swali hilo kwa namna yake, na matokeo yake yakaja kuonekana kwa jirani zetu, ng'ambo ya Namanga.

Lakini kwanza tukumbushane. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi barabara zetu za kaskazini zilikuwa sehemu ya njia yake. Baadaye yakazoeleka kuwa ya Pasaka, yaani wakati wa masika, ambapo vumbi la miteremko ya Meru hugeuka utelezi, na udongo mweusi wa mbugani hushika gurudumu kama gundi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Hesabu yake nayo ilikuwa ya pekee. Dereva alitozwa adhabu kwa kila dakika aliyochelewa kufika kituoni, na aliyetozwa kidogo kuliko wenzake ndiye aliyeshinda. Mwenye pupa angeweza kuokoa dakika 10 kilimani, kisha akapoteza saa 2 chini ya gari akifunga kwa kamba kilichovunjika.

Katika Safari ya mwaka 1973, Shekhar Mehta, kijana wa miaka 27 mzaliwa wa Uganda, alimaliza akiwa sawa kabisa kwa adhabu na Harry Källström wa Sweden. Wote wawili waliendesha Datsun. Ikabidi waamuzi watazame nyuma: ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kutozwa adhabu yake ya kwanza? Alikuwa Mehta. Kwa hiyo ushindi ule ulipatikana katika zile saa za mwanzo ambazo watazamaji hawakuzitilia maanani. Naye hakushinda tena hadi mwaka 1979. Kisha akashinda mfululizo 1980, 1981 na 1982.

Sasa tumrudie yule baba. Harri Rovanperä alikuwa dereva wa mashindano, na mwaka 2002 alishika nafasi ya pili katika Safari, nyuma ya Colin McRae. Baada ya mwaka huo Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, isirudi hadi mwaka 2021. Nyumbani kwa Harri kulikuwa na mtoto wa kiume, Kalle, aliyezaliwa Oktoba 1, 2000. Alipokuwa na miaka 8 tu, mtoto huyo alikuwa akiendesha gari dogo kwenye barafu, huku dunia ikimtazama katika filamu fupi kwa mshangao. Usinielewe vibaya, msomaji. Barafu isiyo na watu si Barabara ya Sokoine saa za jioni, na hapa kwetu sheria inataka miaka 18. Ninachokisifu ni kwamba baba alimtafutia mwanawe mahali ambapo kosa halimuui mpita njia.

Mwaka 2021 Kalle alikuja Naivasha akiwa na miaka 20. Siku ya kwanza ya mashindano yenyewe alikuwa anaongoza, gari likazama katika mchanga laini na kumwishia hapo kwa siku ile. Alimaliza wa sita. Mwaka uliofuata akashinda, miaka 20 kamili baada ya nafasi ya pili ya baba yake.

Mwaka huo wa 2022 alikuwa akielekea ubingwa wa dunia. Hadi Agosti alikuwa mbele kwa pointi 94. Ndipo lilipomkuta jambo linalowakuta vijana wengi walioona mlango wa nyumba wanayoijengea ndoto. Ubelgiji, asubuhi ya mapema, gari likapinduka. Ugiriki akagonga mti, akamaliza wa 15. Pointi 94 zikawa 53, na Ott Tänak wa Estonia, mtu mzima aliyewahi kuwa bingwa, akawa anamkaribia.

Tungeweza kumwambia, kama tunavyowaambia wanetu, kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini methali hiyo haitoshi, na ushahidi tunao katika mkoa wetu huu. Filbert Bayi wa Karatu alikimbia mbele toka mwanzo kule Christchurch mwaka 1974, akiwa na miaka 20, wenye hekima wakidhani atachoka. Akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500. Mwaka 1980 kule Moscow alikimbia vile vile katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akawaacha wenzake mbali, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi akapata fedha. Moyo ulikuwa ule ule mara zote mbili. Mimi sioni kwamba alikosea Moscow; alikimbia kama Bayi.

Hivyo swali la Kalle halikuwa kupunguza mwendo. Dereva anayeogopa huchelewa kukata kona, na kuchelewa huko nako humtoa barabarani. Alikwenda New Zealand, siku ya kwanza hakuongoza wala hakuonekana kuhangaika. Siku ya pili mvua iliponyesha akashika uongozi, asiuachie tena. Oktoba 2, 2022, akiwa na umri wa miaka 22 na siku 1, akawa bingwa wa dunia kijana kuliko wote waliomtangulia. McRae, aliyekuwa na rekodi hiyo tangu 1995, aliupata ubingwa akiwa na miaka 27.

Alitwaa ubingwa wa pili mwaka 2023. Kisha akasema amechoka, na kwamba mwaka 2024 angeshiriki sehemu tu ya mashindano. Machi mwaka huo alifika Naivasha akiwa hana ubingwa wa kuufukuzia, akashinda Safari kwa mara ya pili.