Upatikanaji na Uhakiki wa Vyanzo vya Utafiti katika Ziara za Kimasomo Mijini: Mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mwanafunzi wa ziara ya kimasomo husoma kuhusu mji kabla hajaufika. Akishaufika, mji wenyewe humsomesha kwa vinywa vya watembezaji watalii, vibao vya ukutani na majina ya mitaa. Miongozo mingi ya kozi za aina hii humtaka atofautishe kitabu cha kitaaluma na kijitabu cha watalii. Hilo ni la lazima, ila halitoshi. Makala haya yanaeleza kuwa swali la kwanza la uhakiki ni asili ya taarifa: ilianzia kwa nani, lini, na ilipitia mikono ya nani hadi kumfikia msomaji.

Tuanze na Mkunazini. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, katika utawala wa Sultani Barghash. Mwaka huohuo ulianza ujenzi wa Kanisa Kuu la Kianglikana mahali palipokuwa soko, chini ya uongozi wa Edward Steere, ambaye wanaisimu wanamfahamu zaidi kwa kazi zake za sarufi ya Kiswahili. Jirani na kanisa hilo limo jengo lililowahi kuwa hospitali ya misheni, na chini yake mna vyumba vyenye giza na dari fupi. Wageni huingizwa humo kwa vikundi na kuelezwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri kuuzwa.

Mwanafunzi akitafuta uthibitisho ataupata kwa wingi: vitabu vya safari, tovuti, maelezo ya watembezaji, hata ripoti za wanafunzi waliomtangulia. Hata hivyo, kijitabu kilinukuu mtembezaji, na mtembezaji mwingine akajifunza kazi kwa kijitabu hichohicho. Vyanzo sita vya namna hiyo ni chanzo kimoja kilichorudiwa mara sita. Tarehe nazo zinaleta shida, kwa kuwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la wamisionari, na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Baadhi ya wanahistoria wametumia hoja hiyo kupinga simulizi ya vyumba. Anayeshikilia kuwa vyumba vilitangulia jengo ndiye anayewajibika kuleta ushahidi.

Hapa inahitajika tahadhari, kwani nimeona hoja hii ikitumiwa vibaya. Kutilia shaka vyumba si kutilia shaka soko. Biashara ya watumwa Zanzibar inathibitishwa na mikataba ya 1822, 1845 na 1873, na barua za makonsuli, na maandishi ya wageni waliolitembelea soko likiwa wazi. Hakuna hata kimoja kati ya vyanzo hivyo kinachotegemea vyumba vya Mkunazini. Mwanafunzi anayehitimisha kuwa mateso yalitiwa chumvi kwa sababu tu vyumba vina utata anafanya kosa kubwa kuliko yule aliyeviamini bila kuuliza.

Kuhusu upatikanaji, kikwazo cha awali ni jina la kutafutia. Anayeandika "Stone Town" katika katalogi ataletewa zaidi maandishi ya miongo ya karibuni, mengi yakiwa ya uhifadhi na utalii. Ajaribu pia Unguja, Mji Mkongwe, na tahajia ya Kijerumani, Sansibar. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizoko Kilimani, zina majalada ya serikali ya kikoloni yasiyopatikana kwenye intaneti. Utaratibu wa kibali uanze mapema, kabla ya safari. Kwa upande wa vitabu, kazi ya Abdul Sheriff ya 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe ni msingi usiokwepeka. Kitabu cha Laura Fair cha 2001 kinampeleka msomaji Ng'ambo, upande wa pili wa ile hori iliyofukiwa, ambako watu wengi wa mji waliishi na ambako vitabu vya watalii haviendi. Ziara inayoishia Darajani imesoma nusu ya mji.

Shahidi aliyeona kwa macho yake naye huhakikiwa. Richard Burton alifika Zanzibar mwishoni mwa 1856, lakini kitabu chake kuhusu mji huo kilichapishwa 1872. Bibi Salme, yaani Emily Ruete, binti wa Sayyid Said, aliondoka Zanzibar 1866 na kumbukumbu zake zikatoka kwa Kijerumani 1886. Ruete anayajua maisha ya ndani ya jumba la kifalme kwa namna ambayo Burton asingeweza. Hata hivyo aliwaandikia Wajerumani, na anapolinganisha utumwa wa nyumbani na maisha ya Ulaya anajibu mabishano ya wakati wake. Umri wa chanzo kipya nao una maana. Maelezo ya makumbusho ya Beit al-Ajaib yaliyoandikwa kabla ya tarehe 25 Desemba 2020 yanahusu jumba ambalo siku hiyo sehemu yake iliporomoka.

Yapo, mwishowe, masimulizi ya wazee. Mzee wa barazani haulizwi ushahidi kabla hajaamkiwa na kuulizwa hali. Baada ya hapo, swali "Haya uliyapokea kwa nani?" halimvunjii heshima, bali humpa nafasi ya kumtaja bibi au jirani, au kukiri kuwa aliyasikia redioni. Jibu lolote liandikwe pamoja na simulizi yenyewe, kwa kuwa ndilo litakalomwezesha mtahini kupima uzito wake.

Kwa vyumba vya Mkunazini, basi, tasnifu inaweza kuandika hivi: wageni huelezwa kuwa watumwa walifungiwa humo, jengo la juu ni la misheni na lilijengwa baada ya 1873, simulizi hiyo inatolewa na watembezaji na vijitabu vinavyotegemeana. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ile ya kijitabu, na msimamizi asimwambie mwanafunzi aifupishe.